Manjano Ndani ya Rejeta

Fundi Sikio alipewa jina hilo kwa sababu alisikia gari kabla ya kuliona. Usicheke. Alikuwa akilala chini ya lori, miguu tu ndiyo inayoonekana, na wewe ukiingiza gari lako pale uani nyuma ya ghala la mbao anakuambia, "Beringi ya gurudumu la kushoto hiyo," wala kichwa hajakitoa. Ukifungua, kweli, ni beringi ya kushoto. Kwa hiyo asubuhi ile aliposikia basi dogo la shule likipinda kona, alijua mambo mawili. Kwanza, anayeendesha si shemeji yake, maana gia zilikuwa zinaingizwa kwa hasira. Pili, siku yake imeharibika.

Hakutoka chini ya lori upesi. Alikaza nati iliyokuwa imeshakazwa, akailegeza, akaikaza tena.

"Fundi! Uko wapi wewe?"

Alikuwa Mwalimu Mkuu. Mama huyu alianzisha shule ya watoto wadogo katika nyumba ya vyumba vitatu, akaikuza mpaka ikawa na madarasa sita, na ile sauti ya kuwaita watoto watoke kwenye mchanga hakuwahi kuiacha shuleni. Alitembea nayo benki, sokoni, na sasa gereji.

"Niko hapa, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu toka huko, mimi siwezi kuzungumza na viatu."

Akatoka, akajifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama kando ya basi, koti limefungwa mpaka kidevuni, daftari kwapani. Mji ule uko juu milimani, na miezi ile baridi yake haina mchezo. Watu wakizungumza nje mvuke unawatoka mdomoni.

"Hita haitoi joto," akasema. "Nimewasha tangu shuleni mpaka hapa, inavuma baridi tupu. Na yaliyotokea umeyasikia."

"Nimeyasikia, Mwalimu."

Asiyasikie ana masikio ya nini? Mji mzima uliyasikia. Jumanne ya wiki iliyopita, lori la saruji lilipinduka kwenye mlima, barabara ikafungwa mbele na nyuma. Basi la shule lilikwama katikati na watoto kumi na mmoja ndani, tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka saa tatu. Hita iliwashwa ikavuma baridi, ikazimwa. Miongoni mwa watoto hao alikuwamo binti wa miaka sita, wote wanamwita Kibibi, mwenye ugonjwa wa selimundu. Ugonjwa huo na baridi hawapatani hata kidogo. Baridi ikimpata mtoto, damu inagandamana kwenye mishipa, na mifupa inauma kwa namna ambayo mtu mzima angelia kwa sauti. Dereva alivua koti lake akamfunika, akavua na sweta, akabaki na shati. Haikusaidia. Barabara ilipofunguliwa Kibibi hakuweza kusimama. Alibebwa moja kwa moja hospitali, na tangu siku hiyo, siku nane sasa, yuko kitandani.

Na dereva huyo ndiye shemeji yake Fundi Sikio, mume wa dada yake mkubwa.

"Nilipomuuliza kama alijua hita ni mbovu," Mwalimu Mkuu akaendelea, "unajua alinijibu nini? 'Nilijua, Mwalimu, nilisahau kukuambia.' Alisahau! Mtu ambaye miaka ishirini na miwili hajasahau hata kufunga dirisha. Nimemsimamisha kazi. Leo saa tisa kamati ya wazazi inakaa, na wengi wanataka afukuzwe kabisa. Ila mimi sitaki kumhukumu mtu gizani. Nataka karatasi yako wewe. Uniandikie hita imeharibika kwa sababu gani, na tangu lini."

Sikio aliitikia kwa kichwa tu.

Alisahau, eti. Shemeji hakusahau kitu. Na hapa inabidi niseme jambo ambalo Fundi Sikio mwenyewe alikuwa analikwepa kwa siku nane, mchana akilifunika kwa kelele za nyundo.

Miezi mitano nyuma, wakati wa joto, basi lile lile lililetwa rejeta ikivuja. Ilikuwa Ijumaa jioni. Kesho yake watoto walikuwa na safari ya kwenda kuona bwawa la umeme, na Mwalimu Mkuu alikuwa ameshawaahidi wazazi. Rejeta kama ile dawa yake ni moja: unaitoa, unaipeleka ikachomelewe, unairudisha. Kazi ya siku nzima. Sikio alivuka barabara, akaingia dukani, akanunua pakiti ya manjano ya jikoni, akaimimina yote ndani ya rejeta.

Mafundi wataniona mbaya kwa kuitoboa siri hii, na waninunie tu. Ujanja huo wanaujua karibu wote. Manjano yakikutana na maji ya moto yanavimba, yanasukumwa na maji mpaka kwenye tundu, yanaziba. Ni ujanja wa kukutoa porini ukafika mjini. Ukishafika, unatoa rejeta, unachomelea, unasafisha mfumo mzima wa maji mpaka yatoke meupe. Sikio alijiambia, Jumatatu. Jumatatu likaja lori la gia zilizosagika. Jumanne likaja jingine. Rejeta ilikuwa haivuji tena, Mwalimu Mkuu alikuwa amemsifu mbele ya watu, naye Sikio akasahau. Au tuseme ukweli: alijisahaulisha.

Lakini manjano hayana macho ya kuchagua tundu la kuziba. Ndani ya dashibodi, miguuni pa dereva, kuna rejeta nyingine ndogo. Maji ya moto ya injini yanapita humo, feni inapuliza, na hilo ndilo joto la hita. Vijia vyake ni vyembamba sana. Manjano yakafika humo, yakatulia, yakajaa kidogo kidogo. Wakati wa joto nani anawasha hita? Hakuna aliyejua.

Baridi ilipoanza, wiki mbili kabla ya lori la saruji kupinduka, shemeji yake alipita gereji mchana. "Shemeji," akamwambia, "hita inatoa uvuguvugu tu. Nimwambie Mwalimu?" Na papo hapo Sikio alijua. Hakuhitaji kufungua boneti. Aliiona ile pakiti mkononi mwake kana kwamba ndiyo kwanza anaichana. Akasema, "Usimsumbue Mwalimu bure. Injini za dizeli zinachelewa kushika moto, ipe muda. Wiki ijayo nitaiangalia mwenyewe." Shemeji akashukuru, akaenda zake. Wiki ijayo ikafika, Sikio akajitia hamnazo.

Sasa Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama pembeni yake na kalamu mkononi, anasubiri atafute kitu alichokijua tangu mwanzo.

Basi akakitafuta. Aliwasha injini, akafungua feni ya hita kwa namba moja, mbili, tatu. "Feni nzima," akasema, na Mwalimu akaandika. Akasogeza kile kidude cha kuchagua joto na baridi, akainama kusikiliza kidirisha kikifunguka ndani ya dashibodi. "Hiki nacho kinafanya kazi." Mwalimu akaandika. Sikio akafungua boneti kuangalia maji, na hapo, Mungu amsamehe, aliomba moyoni akute yamepungua. Yakipungua, hewa inaingia, hita inapoa, na anayepaswa kuangalia maji kila asubuhi ni dereva. Akachungulia. Maji yalikuwa kwenye alama, sawasawa kabisa. Shemeji alikuwa ameyaangalia mpaka siku yake ya mwisho kazini.

Aliona haya mpaka masikio yakamwaka.

Wakasubiri injini ipate moto vizuri. Sindano ya kipimo cha joto ikapanda taratibu mpaka katikati, ikatulia pale. Maana yake thamostati, kile kidude kinachoongoza joto la injini, nayo ni nzima, injini inapata moto inavyotakiwa. Yakabaki yale mabomba mawili ya mpira yanayotoka kwenye injini kuingia ndani ya dashibodi. Akashika la kwanza, akautoa mkono mbio. Akashika la pili. Angeweza kulilaza shavu lake pale akasinzia.

"Vipi?" Mwalimu Mkuu akauliza.

"Maji ya moto yanaingia lakini hayatoki. Rejeta ya hita imeziba."

"Imezibwa na nini?"

"Tuone, Mwalimu."

Alizima injini, akaiacha ipoe. Mwalimu Mkuu alikataa kiti, akakataa chai, alisimama tu pale akipiga miguu yake chini kwa baridi. Kisha Sikio akalegeza klipu, akachomoa mabomba yote mawili, akaunganisha mpira wa bomba la maji upande wa kutokea ili yasukume kinyume, akaweka ndoo nyeupe upande wa pili. Akafungulia. Mwanzo hakikutoka kitu. Mpira ukatetemeka, ukakoroma, halafu likaruka donge. Baada ya donge ikafuata tope la njano, zito, likatapakaa ndani ya ndoo, na harufu ya jikoni ikajaa pale uani kwenye harufu ya dizeli.

Mwalimu Mkuu aliinama juu ya ndoo.

"Hii nini? Mbona kama manjano ya kupikia?"

"Kutu," Sikio akasema bila kupepesa macho.

"Kutu ya rangi hii?"

"Ikichanganyika na dawa za rejeta ndivyo inavyokuwa."

"Na kutu inatokana na nini?"

"Inatokana na maji. Yakiwa si mazuri."

"Maji anaongeza nani?"

Sikio akashughulika na mpira, akaukunja, akaukunjua.

"Dereva," Mwalimu Mkuu akajijibu mwenyewe, akaandika.

Sikio aliiona kalamu ikiandika. Aliona herufi moja moja. Hakusema ndiyo, lakini siyo nayo hakuisema, na akajiambia kwamba hapo hajadanganya. Mtu wa miaka hamsini, ana ndevu zenye mvi, anajipaka mafuta kwa mgongo wa chupa mwenyewe! Ningekuwapo ningemzaba kofi.

Aliendelea kusukuma maji, huku na huku, mpaka yakatoka meupe. Akarudisha mabomba, akajaza maji mapya yenye dawa yake, akatoa hewa, akawasha. Haikupita muda, kutoka kwenye matundu ya dashibodi ukatoka upepo wa moto. Mwalimu Mkuu akaweka viganja vyake mbele ya tundu, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile mabega yake yakashuka.

"Kumbe kazi ya saa mbili," akasema. "Saa mbili tu, fundi. Na mtoto yuko siku ya nane kitandani." Akafumba macho kidogo, viganja vikiwa vile vile kwenye joto. "Karatasi uilete mwenyewe saa tisa. Wazazi watakuwa na maswali."

Akaondoka na basi. Sikio alibaki ameshika ndoo, hajui aimwage wapi.

Aliandika karatasi ya kwanza akaichana. Ya pili akaichana. Ya tatu aliandika, "Rejeta ya hita iliziba kwa kutu," akasaini, akaikunja akaitia mfukoni. Halafu miguu ikampeleka nyumbani kwa dada yake. Kwa nini alikwenda, hata yeye hakujua. Nadhani alitaka kumkuta shemeji amekasirika. Angemkuta anatukana, anabamiza milango, ingekuwa afadhali.

Alimkuta amekaa kwenye kigoda, anapiga viatu rangi. Suruali nyeusi na shati jeupe vilikuwa vimenyooshwa, vimetandazwa juu ya kitanda mlango ukiwa wazi. Dada alikuwa anapanga vyombo kwa kelele zaidi ya ilivyohitajika.

"Karibu, shemeji! Kaa, kaa." Akamsogezea kiti kwa mguu, maana mikono ilikuwa na rangi. "Mwalimu amekuletea gari?"

"Ameleta. Limeshapona."

"Lilikuwa na nini?"

"Rejeta ya hita iliziba."

Shemeji akaacha kupiga brashi. Alikuwa mtu mnene wa kucheka, lakini kwa siku zile nane mashavu yalikuwa yamemporomoka. "Nilijua," akasema polepole. "Nilijua ni mimi. Kuna siku ile dawa ya maji ya rejeta iliisha, nikaongeza maji ya bomba. Siku moja tu, shemeji, wallahi, chupa moja. Kila nikilala naikumbuka ile chupa. Je, ndiyo iliyoziba?"

Hapo ndipo palipokuwa mlango, na ulikuwa wazi kabisa. Neno moja tu lilitosha: hapana. Sikio alifungua kinywa, na kilichotoka kikawa, "Sijui."

"Hujui." Shemeji akaitikia kwa kichwa, akakitazama kiatu. "Basi ndiyo hiyo."

"Mwambie na kuhusu hospitali," dada akasema kutoka jikoni. "Mwambie shemeji yako unavyodhalilika."

"Aa, si kudhalilika. Naenda kila asubuhi," shemeji akasema. "Nakaa kwenye benchi la nje. Mama yake Kibibi hataki niingie, na simlaumu. Jana nilimwambia, mama, nisamehe. Akanipita. Leo nikamwambia tena." Akapuliza vumbi kwenye brashi. "Lakini wewe usiwe na wasiwasi. Jina lako sikulitaja, na leo pia sitalitaja. Uliniambia tungoje, ulidhani ni injini tu, fundi naye ni binadamu. Wewe una watoto wanne wanasoma na ile shule ndiyo mteja wako mkubwa. Mimi nimebakiza nini? Sote wawili tuharibikiwe kwa faida ya nani?"

Sikio alitazama sakafu.

"Chakula kinakuja," dada akasema.

"Sina njaa, dada."

"Wewe? Huna njaa wewe?" Dada akatoa kichwa mlangoni. "Wewe ambaye ulikuwa unalamba mpaka mwiko? Njoo nikushike paji, pengine una homa." Akaja akamshika kweli, kwa kiganja chenye maji, kama alivyokuwa akifanya wakiwa wadogo. "Mbona unatetemeka? Ndugu yangu, usiumie hivyo. Si kosa lako."

Alisimama akaaga, na karibu akiangushe kiti.

Saa tisa kamati ilikaa katika darasa la watoto wa miaka mitano, chumba pekee kilichokuwa na viti vya kutosha. Ungewaona wale wazazi saba, watu wazima, wengine wana vitambi, wamekalia viti vidogo magoti yamewafika kifuani, nyuma yao ukutani kuna picha za ng'ombe na herufi. Siku nyingine wangecheka. Mama yake Kibibi alikaa dirishani, kikapu cha hospitali kati ya miguu, hajavua koti. Shemeji alisimama mbele, karibu na ubao, shati jeupe, mikono nyuma. Sikio alisimama mlangoni.

Mwenyekiti, seremala mmoja mpole mwenye watoto pacha hapo shuleni, akamwomba Mwalimu Mkuu asome. Akafungua daftari lake. Akasoma feni nzima, kidirisha kizima, maji kwenye alama. Akasoma kwamba rejeta ya hita iliziba kwa kutu. Akasoma kwamba kutu ilitokana na maji mabaya, na anayeongeza maji ni dereva.

Manung'uniko yakapita. "Kumbe si kusahau tu, ni yeye aliyeiharibu!" baba mmoja akasema. Shemeji aliinamisha kichwa. Hakukataa. Mtu yule aliinamisha kichwa chake akalipokea, pale mbele ya herufi na ng'ombe wa karatasi.

"Fundi yuko hapa," mwenyekiti akasema. "Fundi, unathibitisha maneno haya?"

Sikio akaingiza mkono mfukoni, akaitoa karatasi. Ilikuwa imelowa jasho. Alitaka kuisoma, ni mstari mmoja tu, hata nusu dakika hauchukui. Akamtazama shemeji yake, na shemeji akainua macho, akatikisa kichwa kidogo sana, ishara ya mtu anayemwambia mwenzake: usijali, soma tu.

Hiyo ndiyo iliyomvunja.

"Si kutu," Sikio akasema.

"Unasema?"

"Si kutu. Ni manjano. Manjano ya kupikia, niliyatia mimi." Sauti ilikuwa imeshatoka, haikuwezekana kuirudisha. Akaeleza yote. Rejeta iliyokuwa ikivuja, safari ya bwawa, pakiti, ile Jumatatu ambayo ilipita bila kazi kufanyika. Akaeleza kwamba dereva alikuja kumwuliza, akamwambia asimsumbue Mwalimu. "Hakusahau. Mimi ndiye niliyemzuia. Na maji yake hayana kosa lolote. Mtu huyu ananificha mimi tangu siku ya kwanza, na mimi nimemwacha anifiche."

Darasa likalipuka. Yule baba wa kwanza alisimama, kiti kikamganda nyuma, akakikung'uta kwa hasira. Mwingine alisema polisi. Mwenyekiti alipiga meza kwa kiganja, tafadhali, tafadhali jamani. Mwalimu Mkuu alichukua kalamu yake, akakata mstari ule wa daftari, akaukata mara ya pili, mpaka karatasi ikatoboka.

Sauti iliyowanyamazisha ilitoka dirishani.

"Ulijua lini?" mama yake Kibibi akauliza.

"Mama, nisamehe. Naomba..."

"Sikukuuliza hilo. Ulijua lini kwamba hita haitafanya kazi?"

"Wiki mbili kabla."

"Wiki mbili." Alikuwa anamtazama kwa macho makavu. "Na kuitengeneza kunachukua muda gani?"

Sikio alimtazama Mwalimu Mkuu, labda atamwokoa. Mwalimu Mkuu akatazama pembeni.

"Saa mbili," akasema.

Mama yule akaitikia kwa kichwa, mara moja, akageukia dirisha. Sikio alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi, na sasa hakujua aweke wapi mikono yake.

Kilichofuata hakikuchukua muda. Mwenyekiti akasema dereva hana hatia, arudi kazini kesho asubuhi, na shule imwombe radhi. Mwalimu Mkuu aliinuka mwenyewe, akampelekea shemeji funguo za basi kwa mikono miwili, akamwambia, "Nisamehe, mwanangu," na sauti yake safari hii ikawa ndogo. Mama yake Kibibi akaondoka dirishani, akavuka chumba na kikapu chake, akasimama mbele ya dereva. "Kesho ukija," akamwambia, "usikae nje." Mzee wa watu akafuta macho kwa mkono wa shati.

"Una neno, dereva?" mwenyekiti akauliza.

"Ninalo moja." Shemeji akazishika funguo kwa nguvu. Bado hakuwa amemtazama Sikio tangu alipokiri. "Kuhusu kunizuia nisiseme, nilikuwa nimeshamsamehe. Nilidhani hakujua. Lakini leo mchana alikuja nyumbani kwangu. Mke wangu alimshika kichwa. Nikamuuliza, kwa kinywa changu, kama ni mimi niliyemuumiza yule mtoto. Akaniambia hajui."

Mtu mmoja akakohoa. Nje kengele ya shule ililia, hakuna aliyejali.

"Gari nitaliendesha," shemeji akasema. "Ila naomba kamati inikubalie kitu kimoja. Fundi huyu asiliguse tena. Asiguse gari lolote linalobeba watoto wa shule hii. Siku zote. Ni ombi langu, na nyumbani nitajua mwenyewe namna ya kulieleza."

Mwenyekiti aliwatazama wenzake. "Tupige kura," akasema. "Wanaokubali wanyooshe mikono."

Mikono ikapanda. Akaanza kuihesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu, ya akina baba, ya akina mama, mpaka saba. Kisha kidole kikafika mlangoni, kikasita. Mkono wa Fundi Sikio ulikuwa juu, umenyooka, na machozi yalikuwa yanamtiririka bila yeye kuyafuta.

"Fundi, wewe si mwanakamati," mwenyekiti akamwambia kwa upole. "Wewe hupigi kura."

"Najua," Sikio akasema, na mkono hakuushusha.